Jua la Nachingwea na Kidonge cha Figo

Habari za mpango wa karanga hazijasahaulika Nachingwea. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza kazi ya kulima karanga kwa wingi katika Tanganyika, na sehemu zilizochaguliwa zilikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yakashushwa, misitu ikang'olewa, bandari ya Mtwara ikajengwa, na reli ikatandikwa kutoka pwani mpaka Nachingwea. Yote hayo yalifanywa kwa haraka na kwa matumaini makubwa. Jambo moja halikufanywa kama ilivyostahili, nalo ni kupima kwanza: kupima udongo, kupima mvua, na kujaribu kidogo kabla ya kutenda kingi. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, fedha zipatazo paundi milioni 36 zikiwa zimeteketea, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa.

Leo hatukusudii kuzungumza habari za karanga. Twataka kuzungumza habari za ugonjwa wa kisukari, za figo, na za kidonge cha vitamini D. Lakini twaanzia Nachingwea kwa sababu funzo ni lile lile. Matumaini si kosa. Kosa ni kutumia fedha za mnyonge kwa matumaini ambayo hayajapimwa. Na kosa kubwa zaidi ni kuendelea kuzitumia baada ya kipimo kufanyika na jibu kupatikana.

Uvumi na zawadi

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa fedha huonekana zaidi wakati wa mauzo ya korosho na ufuta. Mkulima akisha kulipwa hukumbuka madeni yake, mahitaji ya watoto shuleni, mabati ya nyumba, na mwisho afya yake. Wakati huo huo wauzaji wa dawa za kila namna nao hukumbuka kwamba mkulima ana fedha. Visiwani mambo huja kwa njia nyingine. Jamaa aliyeko Maskati, Dubai au London akirejea nyumbani, au akimpata mtu wa kumpa mzigo, hutia katika sanduku chupa ya vidonge vya vitamini kwa ajili ya mama yake mwenye kisukari. Zawadi hiyo hutolewa kwa mapenzi, na kwa mapenzi hupokewa.

Pamoja na chupa huja maneno. Yasemwa kwamba vitamini D huzuia kisukari kisishuke kwenye figo. Yasemwa kwamba hulinda figo zilizokwisha kuguswa. Wengine huongeza vidonge vya mafuta ya samaki, wakidai kwamba viwili hivyo vikichanganywa ndiyo kinga kamili. Maneno haya hayakuzuka hewani. Yana asili yake katika kazi za wataalamu wenyewe, kama tutakavyoeleza, na ndiyo maana hayafai kupuuzwa wala kudhihakiwa. Yafaa yachunguzwe.

Huenda msomaji wetu wa Unguja, Pemba au Mafia akauliza Nachingwea inamhusu nini. Twamjibu kwamba inamhusu sana. Mgonjwa wa kisiwani na mgonjwa wa Nachingwea wote wawili waishi mbali na hospitali kubwa. Mmoja ametengwa na bahari na mwingine ametengwa na barabara. Kwa watu wa namna hiyo, figo zikisha kufa, gharama si fedha za matibabu peke yake, bali ni kuhama nyumba, shamba au chombo cha kuvulia, na kwenda kukaa ugenini karibu na mashine. Kwa hiyo kinga kwao si jambo la anasa. Na kinga ya uongo kwao ni hasara maradufu, kwani huwala fedha na huwala wakati.

Kazi ya figo na kazi ya jua

Ili tuelewane, hatuna budi kueleza kwa ufupi figo hufanya nini. Kila figo moja ina vichujio vidogo mno vinavyokaribia milioni. Vichujio vya figo zote mbili huchuja yapata lita 180 za majimaji ya damu kwa siku. Sehemu iliyo kubwa hurudishwa mwilini, na uchafu pamoja na maji yaliyozidi hutoka kuwa mkojo, lita moja na nusu au mbili tu. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi, vichujio hivyo huharibika. Shinikizo la damu likipanda, uharibifu huongezeka. Dalili ya kwanza ni kwamba protini iitwayo albumini, ambayo ilipasa kubaki katika damu, huanza kuvuja na kuingia katika mkojo. Ni kama kung'uto lililotoboka: tui linashuka na machicha pamoja.

Ubaya wa maradhi haya ni kwamba hayaumi. Mtu hulima, huvua, husali, hucheza na wajukuu zake, na huku figo zake zinakufa polepole. Miguu inapovimba, pumzi inapokuwa fupi na chakula kinapochukiza, aghalabu sehemu kubwa ya figo imekwisha kupotea, nayo hairudi. Yakadiriwa kwamba katika kila watu watatu wenye kisukari, yapata mmoja hupatwa na maradhi ya figo.

Sasa vitamini D yaingiaje? Hii si vitamini kama nyingine. Sehemu yake kubwa haitoki katika chakula bali hutengenezwa na ngozi yetu wenyewe inapopigwa na jua. Chakula huongeza kidogo: samaki wenye mafuta kama vibua na jodari, maini ya samaki, na kiini cha yai. Ikisha kutengenezwa katika ngozi, vitamini hiyo haiwezi kufanya kazi mara moja. Hupita kwanza katika ini, kisha katika figo, na ni huko katika figo ndiko inakogeuzwa kuwa kitu chenye nguvu, kinachouwezesha mwili kupata madini ya kujenga mifupa. Kwa maneno mengine, figo ndicho kiwanda cha mwisho cha vitamini D.

Katika jambo hili ndimo ulimo ufunguo wa mkanganyo wote. Wataalamu walipowapima wagonjwa wa figo katika nchi mbalimbali waliona kwamba aghalabu vitamini D yao iko chini. Mtu wa kawaida akisikia hivyo atasema: basi upungufu wa vitamini D ndio uliowaharibia figo, na tukiwapa vitamini watapona. Lakini yawezekana vile vile kuwa kinyume chake. Figo iliyoharibika hushindwa kuigeuza vitamini, na protini inayovuja katika mkojo huchukua vitamini na kutoka nayo. Zaidi ya hayo, mgonjwa hukaa ndani, hatoki juani, wala hali vizuri. Upungufu basi waweza kuwa ni moshi tu, na moto uko mahali pengine. Kupepea moshi hakuzimi moto.

Kipimo kilipofanyika

Hata hivyo matumaini yalikuwa na msingi. Wanyama walipojaribiwa katika maabara, dawa za jamii ya vitamini D zilionekana kulinda vichujio vya figo. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya jaribio moja lililofanywa katika nchi kadhaa kwa watu 281 wenye kisukari na maradhi ya figo, waliopewa dawa iitwayo parikalsitoli, ambayo hufanya kazi mithili ya vitamini D iliyokwisha kugeuzwa. Dozi ya juu ilielekea kupunguza albumini katika mkojo. Jaribio lilichukua miezi michache tu, wala halikuweza kusema kama figo zilisalimika baada ya miaka. Lakini lilitosha kuwasha matumaini.

Ndipo likaja jaribio kubwa. Katika Marekani watu wazima 1,312 wenye kisukari cha aina ya pili, ile inayowapata zaidi watu wazima, waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi yao walipewa vitamini D yuniti 2,000 kila siku, na wenzao walipewa kidonge kinachofanana nacho lakini kisicho na dawa ndani yake. Vivyo hivyo baadhi walipewa mafuta ya samaki gramu moja kwa siku, na wengine hawakupewa. Mgonjwa hakujua alichokuwa akimeza, wala mpimaji hakujua. Walifuatiliwa kwa miaka 5. Mwezi wa Novemba mwaka 2019 jibu lilitolewa na Daktari Ian de Boer wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, pamoja na wenzake.

Jibu lilikuwa hili. Nguvu ya figo za kuchuja ilipungua kwa watu wa makundi yote kwa yapata mililita 12 au 13 kwa dakika katika miaka hiyo 5. Waliomeza vitamini walipungukiwa, na waliomeza kidonge kitupu walipungukiwa. Tofauti kati yao haikufika hata mililita moja, tofauti ambayo yaweza kuletwa na bahati tu. Mafuta ya samaki nayo hayakuonyesha faida kwa figo.

Mwaka huo huo wa 2019 yalitolewa pia matokeo ya jaribio jingine la Marekani, la watu 2,423 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini hawajafikia kuitwa wagonjwa. Hao walipewa yuniti 4,000 kwa siku. Wachache kidogo kati yao walipata kisukari kuliko wenzao waliopewa kidonge kitupu, lakini tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba wataalamu hao hawakuweza kusema kuwa vitamini ndiyo iliyowakinga.

Je, jibu la Marekani ni jibu letu?

Msomaji makini atatupinga, na ana haki. Atasema kwamba hayo ni majaribio ya Wamarekani, na hali ya Marekani siyo ya Nachingwea. Atasema pia kwamba waliojaribiwa hawakuchaguliwa kwa sababu walipungukiwa na vitamini D, na kwamba huenda mtu aliyepungukiwa sana angepata faida. Pingamizi hili ni la haki, na twalijibu kwa mambo mawili.

La kwanza ni jua lenyewe. Mwaka 2012 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa hapa hapa Tanzania, miongoni mwa Wamasai na Wahadzabe waishio kwa desturi zao za asili. Watu hao, ambao kutwa huwa nje, walionekana kuwa na vitamini D nyingi katika damu: wastani wa nanomoli 115 kwa lita, wakati ambapo mabaraza mengi ya wataalamu hutosheka na 50. Hawakumeza kidonge hata kimoja. Mkulima wa Nachingwea anayepalilia mikorosho yake, na mvuvi anayevuta jarife tangu alfajiri, hufanya kazi chini ya jua kama hilo. Kumuuzia mtu wa namna hiyo vitamini ya jua ndani ya chupa kwahitaji ulimi mwepesi kwelikweli.

Hatusemi kwamba hakuna anayepungukiwa. Mtu aweza kuishi katika nchi ya jua na asilipate jua. Katika nchi za Ghuba, ambako jua ni kali kupita letu, upungufu wa vitamini D umeonekana kwa watu wengi, hasa wanawake, kwa sababu maisha ni ya ndani ya nyumba na mwili hufunikwa. Akina mama wa mijini wasiotoka nje, wazee waliolala kitandani, na wafanyakazi wa ofisi toka asubuhi hadi jioni waweza kuwa katika hali hiyo hata Unguja mjini. Hao wakigunduliwa na daktari, watibiwe, kwani mifupa yao yaihitaji vitamini hiyo, na matege kwa watoto ni ugonjwa wa kweli. Lakini kutibu mifupa ni jambo moja, na kuokoa figo ni jambo jingine.

Jambo la pili ni wajibu wa kuthibitisha. Anayeuza ndiye anayepaswa kuleta ushahidi, si anayenunua. Mpaka hapo utakapoletwa ushahidi kwamba kidonge hiki huokoa figo za mtu mwenye kisukari, hatuna haki ya kumwambia mkulima atoe fedha zake. Tena kidonge hiki si maji. Mtu akimeza kwa wingi na kwa muda mrefu bila kupimwa, kalsiamu huzidi katika damu, na kalsiamu ikizidi huziumiza figo zile zile alizokusudia kuziokoa.

Hapa twatoa tahadhari moja. Mgonjwa ambaye figo zake zimekwisha kushindwa aweza kuandikiwa na daktari wake vitamini D, au ile iliyokwisha kugeuzwa, kwa ajili ya mifupa na damu yake. Huyo asiache dawa kwa sababu amesoma makala yetu. Twazungumza habari za vidonge vinavyonunuliwa kwa uvumi, wala si dawa iliyoandikwa na mganga aliyempima mgonjwa.

Adui halisi

Kama kidonge si kinga, basi kinga ni ipi? Kabla ya kujibu, hebu tutazame hali ilivyo nchini kwetu. Mwaka 1989 wataalamu waliochunguza vijiji sita vya Tanzania Bara walikuta kwamba wenye kisukari hawakufika hata mtu mmoja katika kila mia. Mwaka 2012 uchunguzi wa taifa wa watu wazima wa miaka 25 hadi 64 ulikuta wenye sukari iliyozidi ni yapata 9 katika kila mia. Njia za kupima hazikufanana, wala mahali palipopimwa hapakuwa pamoja, lakini hakuna anayeweza kusema kwamba ugonjwa huu umesimama.

Jambo la kutisha zaidi lilionekana Mwanza. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watu 369 wenye kisukari waliokuwa wakihudhuria kliniki katika Hospitali ya Bugando. Zaidi ya wanne katika kila watano walikuwa na dalili za maradhi ya figo, aghalabu albumini katika mkojo. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akijua. Na katika mafaili yote hayo, ni matano tu yaliyokuwa yameandikwa kwamba mgonjwa ana maradhi ya figo yatokanayo na kisukari.

Tuyatafakari hayo. Hao hawakuwa watu wa porini wasiomjua daktari. Walikuwa wagonjwa wanaohudhuria hospitali ya rufaa. Kilichowapungukia si vitamini. Kilichowapungukia ni kupimwa mkojo. Ikiwa mambo yalikuwa hivyo katika hospitali kubwa namna ile, tujiulize mgonjwa aliye katika zahanati ya kijiji cha Ruangwa, au katika kisiwa kidogo, ana bahati gani ya kujua hali ya figo zake kabla miguu haijavimba.

Kinga iliyopimwa ipo, tena haikufichwa. Kwanza ni kudhibiti sukari kwa chakula cha kiasi, kwa kazi ya viungo na kwa dawa. Pili ni kushusha shinikizo la damu. Na hili watu wengi hulisahau kwa kudhani kwamba kisukari ni habari ya sukari peke yake. Tatu ni dawa zinazopunguza mgandamizo ndani ya vichujio vya figo. Mwaka 1993 jaribio lilionyesha kwamba dawa iitwayo kaptoprili, ikitolewa kwa watu 409 wenye kisukari cha aina ya kwanza ambao figo zao zilikuwa zimekwisha kuguswa pamoja na wenzao waliolinganishwa nao, ilipunguza kwa nusu hatari ya kufa, au ya kuhitaji mashine au figo ya kupandikizwa. Mwaka 2001 losatani ilionyesha faida kwa watu 1,513 wenye kisukari cha aina ya pili. Hizi ni dawa za zamani, si za bei ya kutisha, ingawa hazimfai mama mjamzito na zahitaji damu ipimwe. Kuanzia mwaka 2019 zimethibitika pia dawa mpya zaidi zinazoitoa sukari kwa njia ya mkojo na kuzilinda figo; na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za jamii hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu.

Nne, na hii haina gharama hata senti, ni kuacha yanayoua figo. Wapo watu wenye kisukari wanaomeza vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni kila siku kwa ajili ya mgongo na magoti baada ya kazi ya shamba. Wapo wanaokunywa mitishamba isiyojulikana kipimo. Wapo wanaovuta sigara. Mtu wa namna hiyo akimeza vitamini D kulinda figo zake ni sawa na mwenye jahazi anayelipaka sifa nje, na huku ndani anatoboa ubao kwa msumari.

Neno kwa viongozi

Sasa twageukia viongozi wetu, wa Bara na wa Visiwani. Mwezi ule ule wa Novemba mwaka 2019, jibu la vitamini D lilipokuwa likitangazwa Marekani, hapa nchini ulizinduliwa Mpango wa Taifa wa kuzuia na kudhibiti magonjwa yasiyoambukiza. Aliyeuzindua ni Ndugu Kassim Majaliwa, aliyekuwa wakati huo Waziri Mkuu na mbunge wa Ruangwa. Ni jambo la heri kwamba wito huo ulitoka kwa mwana wa kusini. Lakini wito hauchuji damu. Twapenda kuona wito huo umefika katika kabati ya dawa ya zahanati.

Vitu vinavyotakiwa ni vichache na havina makuu. Kila zahanati iwe na karatasi za kupimia mkojo zisizokwisha muda wake, na mashine ya kupimia shinikizo la damu iliyo nzima. Kila mwenye kisukari apimwe mkojo na damu walau mara moja kwa mwaka, na jibu liandikwe katika faili lake, naye aambiwe kwa lugha anayoifahamu. Dawa za shinikizo la damu na za kulinda figo zisiwe za kupatikana mwezi huu na kukosekana mwezi ujao, kwani maradhi ya maisha hayangojei bohari. Na mganga wa kijijini apewe mafunzo ya kutambua hatari mapema, badala ya kuachiwa kazi ya kuandika barua ya rufaa wakati mgonjwa amekwisha kuvimba.

Twasema haya tukijua hesabu za upande wa pili. Mgonjwa ambaye figo zake zimekufa huhitaji kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, yapata saa nne kila mara, maisha yake yote. Toka Nachingwea hadi Mtwara kwa njia ya Masasi ni zaidi ya kilomita 200. Upandikizaji wa figo ulianza nchini mwaka 2017 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, ukafuatia mwaka 2018 katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, nasi twawapongeza madaktari wetu kwa fahari hiyo. Lakini hakuna taifa, hata lililo tajiri, linaloweza kuwapandikizia figo watu wote ambao lingeweza kuwakinga. Bara imetunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Zanzibar nayo imeanzisha mfuko wake wa huduma za afya. Wanaopanga mafao ya mifuko hiyo waanze na kipimo cha mkojo kabla ya kufikiria mashine.

Viongozi wasiseme kwamba wananchi wa vijijini hawafundishiki. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, na matokeo yake yalikuwa vyoo vilivyochimbwa, maji yaliyochemshwa na mazalio ya mbu yaliyofukiwa. Wananchi walitii kwa sababu walielezwa sababu, wakapewa la kufanya, na walilofanya liliweza kuonekana. Redio za leo ni nyingi kuliko za wakati ule. Kinachokosekana ni azma ya kulieleza jambo moja kwa uwazi mpaka likaeleweka kwa mzee wa Nachingwea na kwa bibi wa Pemba.

Neno kwa wasomaji

Kwako wewe mwenye kisukari, na kwako wewe unayemtunza mzazi mwenye kisukari, ushauri wetu ni mfupi. Safari ijayo ya kliniki usiridhike na kupimwa sukari tu. Uliza kwa adabu: "Daktari, mkojo wangu una protini? Shinikizo langu la damu ni ngapi? Figo zangu zinachuja vipi?" Majibu yaandike katika daftari, na mwaka ujao uyalinganishe. Aliyeko ng'ambo na anataka kumsaidia mama yake asiache kutuma; atume nauli ya kliniki, gharama ya kipimo cha damu, au mashine ya kupimia shinikizo la damu nyumbani. Zawadi hiyo haina umbo la kupendeza kama chupa yenye maandishi ya dhahabu, lakini ndiyo itakayomweka mama hai.

Na samaki tule, tena tule kwa furaha, maana ni chakula bora cha watu wa pwani na visiwa. Jua nalo tuliote asubuhi. Lakini tusilibebeshe jua wala samaki mzigo wa kazi ambayo hawakuumbiwa.

Watu wa Nachingwea walishuhudia mashine za gharama kubwa zikiletwa kwa ahadi, na wakashuhudia reli ikifungwa. Baada ya wageni kuondoka, mwenyeji alibaki na jembe lake, akaijaribu ardhi yake kidogo kidogo, akatambua kwamba yakubali korosho na ufuta, na leo mazao hayo ndiyo yanayomlisha. Alipima, kisha akapanda. Mwenye kisukari naye na afanye vivyo hivyo: apime kwanza, kisha atumie fedha yake mahali ambapo kipimo kimeonyesha faida.